Chumvi katika koti la baba

Siku ya tatu tangu baba aje kukaa kwangu Kimara, alisukuma bakuli la supu taratibu hadi katikati ya meza, akafuta midomo kwa leso, akaniambia kwa upole, "Mama, mimi sijazoea kunywa maji ya moto." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Hakuwa amekasirika. Alishukuru kwa chakula kama anavyoshukuru siku zote, akainuka, akaenda kukaa barazani na redio yake. Mimi nikabaki na lile bakuli. Supu ilikuwa nyeupe, imetulia tuli, vipande vya karoti vimezama chini, na juu hapakuwa na hata tone moja la mafuta. Na nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba leo nimempikia mzee chakula cha afya.

Baba alishuka kutoka Lushoto kwa ajili ya kliniki ya presha. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mkulima, mtu aliyepanda na kushuka milima kwa miguu maisha yake yote, kwa hiyo kuambiwa ana ugonjwa wa kumeza dawa kila siku kulimuuma sana. Daktari alitueleza vizuri. Dawa asiache. Mafuta yapungue. Mboga na matunda viongezeke. Na chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai. Hizo ndizo gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa kikomo kwa mtu mzima, na ndani yake inahesabiwa chumvi yote, ya kwenye mkate, ya kwenye dagaa, ya kwenye vile vidonge vya kukolezea mchuzi.

Nilipofika nyumbani nilifanya jambo ambalo ningependa kila mpishi alifanye walau mara moja. Nilichukua kijiko cha chai, nikakijaza chumvi, nikaisawazisha juu kwa kisu, nikaimimina kwenye kisosi. Kilikuwa kilima kidogo ambacho unaweza kukifunika kwa kizibo cha soda. Hicho ni cha mtu mmoja kutwa nzima: chai na vitafunwa, chakula cha mchana, chakula cha usiku. Kisha nikakumbuka mkono wangu unavyotembea jikoni. Sufuria ya maharage ya watu watatu nilikuwa naitia vijiko vitatu vya chumvi na vidonge viwili juu yake, halafu tukifika mezani kikopo cha chumvi kinazunguka tena. Nilisimama pale na kisosi mkononi, nikaona haya.

Basi nikaondoa kila kitu kwa siku moja. Chumvi nje, mafuta nje, na viungo navyo nje, maana sikujua kipi kina madhara na kipi hakina. Nikawa ni mtu wa kuchemsha tu. Kuku wa kuchemsha, viazi vya kuchemsha, kabichi ya kuchemsha. Baba alikula, kwa sababu amelelewa kutokukataa chakula, lakini alikula kama mtu anayelipa deni.

Wiki ya pili nilikuwa nafua. Nilipopekua mifuko ya koti lake la kijivu, lile la kuendea msikitini, nikakuta karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, ncha zake zimechomekwa ndani kwa ustadi, vile wazee wa zamani walivyokuwa wakifunga dawa ya unga. Nilidhani ni ugoro, ingawa baba hanusi ugoro. Nikaifungua. Ilikuwa chumvi.

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono bado ina mapovu. Mzee wa miaka 72, aliyenisomesha kwa mshahara wa ualimu, anaficha chumvi mfukoni kwa kumwogopa binti yake. Hasira ilinijia kwanza. Ikapita. Iliyobaki ni aibu, na ndiyo iliyonifundisha kupika.

Jioni nilimrudishia karatasi yake, nikaiweka mezani mbele yake bila neno, nikamwuliza, "Baba, chakula changu kinapungukiwa nini?" Nilijua atasema chumvi. Alikaa kimya kidogo, akaizungusha ile karatasi kwa kidole.

"Hakina harufu," akasema. "Bibi yako alikuwa akipika mnavu kule nyumbani, mimi niko bondeni na ng'ombe, najua tayari chakula kimeiva. Na chumvi yenyewe ilikuwa ya kuhesabu, wala mafuta hayakuwapo. Hapa mimi niko chumba cha pili tu na sijui kama umepika."

Tangu siku ile, kila nilipoingia jikoni nilikuwa na swali moja: mahali pa chumvi naweka nini?

Nilianza na supu kwa sababu ndiyo iliyonishinda. Zamani nilikuwa natia nyama kwenye maji yanayotokota, nafunika, moto mkali, ili mambo yaende haraka. Supu inatoka na rangi ya maji ya kuoshea mchele, mafuta yamechanganyika humo humo, halafu nailazimisha iwe tamu kwa vidonge. Mwenye bucha mtaani kwetu ndiye aliyenisahihisha. Mtu akipika supu ya kuuza alfajiri kila siku kwa miaka, huwa anajua. Aliniambia nianze na maji ya baridi. Mifupa ya goti, akate kwa shoka uboho uonekane, nioshe, nitie kwenye sufuria, maji ya baridi yafunike tu, kisha moto mdogo.

Kwa nini maji ya baridi, nilikuja kuona kwa macho yangu. Maji yanapopata joto polepole, uchafu wa nyama na damu hupanda juu kama povu la kijivu, zito, la kuteka kwa upawa. Ukianza na maji ya moto, povu hilo linakatikakatika na kurudi ndani. Dakika kumi hizi ni za kusimama hapo hapo, unateka, unamwaga, unateka, mpaka povu linalokuja ni jeupe na jepesi. Hapo ndipo nateremsha moto hadi supu iwe inatoa kiputo kimoja kimoja, kimoja hapa, kingine pale, kama mtu anayewaza. Ikitokota kwa fujo, mafuta yanasagika ndani ya maji na supu inakuwa na ukungu. Ikienda polepole inabaki safi, unaona hadi chini ya sufuria.

Mifupa ya goti huwa naiacha kwa muda wa saa tatu. Makongoro yanataka zaidi. Katika muda huo kano na ngozi zinayeyuka na kuwa ute, na ute huo ndio unaofanya supu ijae mdomoni. Ukitaka kujua kama umepika vizuri, weka bakuli kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ukilitikisa, supu inatetemeka kama jeli. Na mafuta yote yamepanda juu yameganda kama nta. Unayainua kwa kijiko kipande kizima, unayaweka pembeni. Mimi niliyekuwa nahangaika kununua nyama isiyo na mafuta kabisa, kumbe mafuta yanajitenga yenyewe ukiyapa usiku mmoja.

Lakini harufu bado. Hiyo niliipata kwa bahati. Gesi iliniishia siku ya Jumamosi, supu iko jikoni, nikawasha jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Nilipokuwa nakata kitunguu, nusu ikaniponyoka ikaangukia kwenye makaa. Kwa kuwa nilikuwa na koleo mbali, ilikaa hapo dakika mbili tatu. Nilipoitoa, upande uliokatwa ulikuwa mweusi ti, pembeni umekuwa rangi ya asali, unatoa maji matamu yanayolia kwenye moto. Nikakung'uta majivu, nikaifuta, nikaitia kwenye sufuria vivyo hivyo, kisha nikachoma na kipande cha tangawizi kwa makusudi. Supu ikaanza kubadilika rangi, ikawa kama chai ya rangi iliyokolea kidogo. Haikupita robo saa nikasikia redio imepunguzwa sauti barazani.

"Mama," baba akaita, "leo kuna nini?"

Nilimjibu kuna supu. Nilijibu nikiwa nimegeuka, kwa sababu nilikuwa nalia.

Chumvi siku hizi naitia mwisho kabisa, sufuria imeshatoka jikoni. Sababu ni rahisi: maji yanapungua kadiri supu inavyochemka, chumvi haipungui, kwa hiyo ukikoleza mwanzoni utakuta mwishoni imezidi. Halafu chumvi yetu ina madini joto, na madini hayo hupungua kwa moto mrefu. Kwa sufuria ya watu watatu natia nusu kijiko cha chai, basi. Kisha nakamua ndimu kwenye bakuli la kila mtu mezani. Ndimu ikichemshwa inapoteza uhai na kuacha uchungu, lakini ikikamuliwa juu ya supu ya moto mbele ya mlaji, ulimi unadanganyika kabisa kwamba chumvi ipo ya kutosha. Kidogo cha pilipili manga iliyotwangwa muda huo huo, majani ya giligilani, na mtu hataulizia kikopo.

Niseme na kosa langu, maana lilinigharimu sufuria nzima. Mwezi wa tatu, joto la Dar, nikaiacha supu jikoni imefunikwa hadi asubuhi nikiamini kwamba ikichemshwa tena itakuwa sawa. Nilipofunua, ilikuwa imechacha, inatoa viputo yenyewe bila moto. Mifupa ya saa tatu na mkaa wangu vikaenda shimoni. Sasa nikishaipua naigawa kwenye mabakuli madogo, nayakalisha ndani ya beseni la maji baridi hadi yapoe, kisha friji. Sufuria kubwa hukaa na joto katikati usiku kucha, na joto hilo la uvuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda.

Supu ya samaki ni somo jingine kabisa, na mwalimu wangu ni jirani, mama wa Kipemba anayekaanga vitumbua alfajiri pale kwenye kona yetu. Siku moja alinikuta nachemsha vichwa vya changu, nimeviacha jikoni saa nzima kwa mazoea ya mifupa ya ng'ombe. Alifunua sufuria, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, samaki huyu amekukosea nini?" Samaki hataki saa nzima. Yeye anaanza na maji yenye kitunguu, nyanya mbili zilizokatwa, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila ukali. Hivyo vikishachemka na kutoa utamu, ndipo samaki anaingia, na akishaingia hakuna kutia mwiko. Unashika sufuria kwa masikio yake mawili unaizungusha. Dakika kumi hadi kumi na tano, jicho la samaki likiwa jeupe kama shanga, ipua. Ndimu baada ya hapo.

Yeye pia ndiye aliyenifundisha kununua. Kutoka Kimara napanda basi la mwendokasi la kwanza hadi Kivukoni, natembea hadi soko la samaki la Feri kabla jua halijawa kali. Natazama macho, yawe yamejaa na yanang'aa. Nafunua matamvua, yawe mekundu. Nabonyeza ubavu, nyama irudi. Na nanusa, samaki mbichi wa kweli ananuka bahari, hanuki samaki. Vichwa ni bei nafuu kuliko mwili, na kwa supu ndivyo vyenye utamu.

Sasa majani. Baba yangu, kama wazee wengi wa kwetu, alikuwa akiamini kwamba kitu kibichi kijani ni cha ng'ombe. Sijawahi kumlaumu. Kule Lushoto wanalima karoti, kabichi na maharage machanga yanayojaza malori ya kuja Dar, na wakulima wenyewe wengi wanavipika mpaka vinalegea kama pamba. Saladi ya kwanza niliyompa, majani matupu na tango, aliitazama, akaitazama tena, akaniuliza kama kuna mgeni anakuja.

Nilimpata kwa kachumbari, maana hiyo anaijua. Lakini kachumbari yenyewe ilikuwa na mtego. Sisi sote tumefundishwa kukifikicha kitunguu kwa chumvi ili kutoa ukali, kisha kukisuuza. Chumvi nyingine inabaki humo. Nilijaribu kukiloweka kwenye maji ya baridi yenye kipande cha barafu kwa dakika ishirini: ukali ulitoka vizuri tu, na kitunguu kikabaki kinakatika kwa sauti mdomoni. Nyanya nachagua ngumu, nakata, natoa ule ute wenye mbegu ili kachumbari isiwe mchuzi. Ute wenyewe natia kwenye sufuria ya maharage. Tango, karoti iliyoparuzwa, na msimu wa maembe ukifika, embe bichi lililokatwa vipande vyembamba kama njiti. Embe bichi lina ukali wa kutosha, halidai chumvi hata chembe. Nachanganya wakati watu wamekwisha nawa mikono, kwa sababu ndimu na chumvi hunyonya maji kwenye mboga, na kachumbari iliyokaa nusu saa imekwisha kufa.

Kabla ya yote hayo, kuosha. Chochote kitakacholiwa kibichi naosha kikiwa kizima, kwa maji safi yanayotiririka, kabla kisu hakijakigusa, na ubao wa nyama ni wa nyama tu.

Kutoka kachumbari tulihamia kwenye ile ambayo sasa ndiyo saladi ya nyumba yetu: choroko zilizochemshwa zikaiva bila kupasuka, zikapoa, nachanganya na kitunguu, nyanya, giligilani nyingi, parachichi lililoiva lililokatwa vipande vikubwa, na ndimu. Parachichi linatoa mafuta yote yanayohitajika, situmii mengine. Baba alikula sahani ya kwanza kimya. Ya pili alijipakulia mwenyewe. Hakuita saladi, aliita "zile choroko za baridi," na hadi leo ndilo jina lake.

Ndimu kwenye choroko, maharage na mchicha ina kazi nyingine pia. Vitamini C iliyomo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye vyakula vya mimea, wakati chai inafanya kinyume chake, inayazuia. Na baba alikuwa mtu wa kikombe cha chai pembeni ya sahani. Kumhamisha kikombe hicho kwa saa moja mbele lilikuwa jambo la wiki tatu, na sikushinda mpaka nilipoanza kukaa naye barazani kuinywa pamoja. Ikawa saa yetu ya mazungumzo. Hapo ndipo nilipojua mengi kuhusu bibi yangu kuliko nilivyojua maisha yangu yote.

Vyakula vya kushiba havikunisumbua sana, kwa sababu vingi tunavijua. Ilikuwa ni kurudi nyuma kidogo. Dona badala ya sembe. Maharage nayaloweka tangu usiku, maji yale namwaga, nayachemsha kwa maji mapya na moto mkali kwanza, kama dakika kumi za kutokota kwelikweli, kisha ndipo napunguza. Maharage mekundu yasipochemka sawasawa yana sumu inayovuruga tumbo, na moto wa kuvizia hauiondoi. Hapo ni kinyume cha supu. Nyanya zinaingia yakishalainika, kwa sababu uchachu wa nyanya huyafanya maganda yagome. Kisamvu nakitwanga kweli na kukichemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi, kwa sababu jani la muhogo nalo lina sumu yake ambayo inataka kinu na moto. Nazi tunakula mara moja kwa wiki na natumia tui jepesi zaidi kuliko kasimele. Jirani yangu wa Kipemba hajanisamehe kwa hilo, naye ana haki yake, kwani mbaazi bila kasimele si zile anazozijua. Siku nyingine mchicha naupika kwa karanga zilizosagwa, vijiko viwili tu.

Ila mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, lazima niuseme. Dada mmoja wa Machame ninayefanya naye kazi aliniandikia hatua zake kwenye kipande cha karatasi. Jumapili mimi na baba tukaenda Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi, tukachagua ndizi za mshare kutoka kwenye mikungu iliyopangwa chini. Baba alikuwa akigonga ndizi kwa kucha na kusikiliza, sijui anasikia nini, lakini alizozichagua zilikuwa nzuri. Nyumbani tulikaa wote wawili kumenya, vidole tumevipaka mafuta kwa sababu ya utomvu. Nyama yenye mfupa ilikuwa imeshaiva na kulegea kwenye supu yake. Tukatia ndizi, kitunguu na karoti, zikaiva, nikatoa mifupa, nikaponda kwa mwiko hadi ikawa laini lakini bado ina vipande vya kutafuna. Nusu kijiko cha chumvi, ndimu, basi. Wachaga humpa mama aliyejifungua, na ukilishika lile bakuli kwa mikono miwili unaelewa kwa nini. Ndizi na mboga za majani zina potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi. Ila mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari wake kwanza, kwake mambo ni tofauti.

Baba alikaa kwangu miezi minane. Vipimo vya presha vilishuka kliniki baada ya kliniki, na daktari alifurahi. Alikuwa anameza dawa zake kila asubuhi bila kukosa, kwa hiyo sitadai kwamba ni sufuria yangu iliyofanya kazi peke yake, na asitokee mtu akaacha dawa kwa kusoma haya. Ninachojua kwa hakika ni kwamba mfuko wa koti ulibaki mtupu. Nilikuwa nauangalia kila nikifua. Sikujivunia kuupekua, lakini nilikuwa naupekua.

Alipoondoka nilimwandikia mama kila kitu kwenye daftari: kitunguu cha kuchoma, chumvi ya mwisho, ndimu mezani. Mama alinipigia simu baada ya wiki moja. "Sasa baba yako ananifukuza jikoni," akasema. "Anasema mimi naunguza povu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwalimu amerudi darasani.

Mwezi uliopita aliniambia amenitumia mzigo kwa basi. Nikaenda kuupokea stendi ya Mbezi, boksi limefungwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na karoti zenye udongo wa Lushoto bado, giligilani iliyofungwa kwenye jani la mgomba, maparachichi yaliyofungwa kwenye gazeti moja moja. Chini kabisa nikakuta karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, ncha zimechomekwa ndani.

Moyo ulinipiga. Niliifungua hapo hapo, nimechuchumaa kati ya watu na mizigo yao. Zilikuwa mbegu ndogo, nyepesi kama vumbi, na pembeni ya karatasi ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Mnavu wa bibi yako. Usifukie chini sana. Nilizipanda kwenye ndoo iliyopasuka, ile ile niliyoikalia siku ile. Zimeota, zina majani manne manne, na jioni navuta kiti karibu nazo wakati sufuria iko jikoni.